Kiwanja cha Watu Wote Kinauzwa Mara Moja Tu

*Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano wa wafanyakazi na wenyeji wa muji. Tunayachapa yote pia, kwa sababu wengi waliobaki inje ya mulango wametuomba wayasome.*

Wandugu wafanyakazi, wamama wa soko, walimu, vijana, ninyi wote wenyeji wa muji,

Najua wako hapa watu waliotoka poste ya usiku, na macho yao yanaomba kulala. Sitawapotezea wakati. Nina neno moja tu la kuwaambia, lakini neno hilo linataka mufano, na mufano unataka hesabu. Kwa hiyo nawaomba masikio.

Neno ni hili: muji ukitaka kusimamisha nyumba ndefu katikati yake, namna gani unachagua mutu wa kuisimamisha?

Wengine watasema: hayo ni maneno ya wakubwa wa buro, sisi yanatuhusu nini? Mutu anayelala katika nyumba ya vyumba viwili anatafuta nini kwa nyumba ya etaje 60? Nawajibu, wandugu. Kiwanja kilicho katikati ya muji, kama ni cha Leta ao cha muji, ni mali yenu, sawa vile shaba iliyo chini ya udongo ni mali ya inchi. Shaba ikitolewa haioti tena. Kiwanja kikiuzwa hakirudi. Siku ya kukata utepe, muziki unapiga na watu wanakunywa. Lakini siku iliyo kubwa ni ile ya kumuchagua mununuzi, na siku hiyo muziki haupigi. Kuna meza, kuna karatasi, na watu wachache wanaoweka mukono chini ya karatasi. Kama hatujui kinachoandikwa pale, tusilie nyuma.

Mujengeshaji ni nani?

Kwanza tusikilizane juu ya jina. Mwashi tunamujua: anashika mwiko na simenti. Fundi wa kuchora tunamujua: anapima na kuandika mustari. Lakini juu yao kuko mutu mwingine, na mimi namwita mujengeshaji. Huyu hashiki mwiko, wala hachori. Ananunua kiwanja, anakwenda banki kukopa feza, anaita fundi wa kuchora, anapatana na kompani ya kujenga, kisha anapangisha buro na kukusanya feza ya kila mwezi. Faida yake iko kati ya vile alivyotoa na vile atakavyopata. Si kosa, ni kazi yake. Kila mutu anajua kazi yake ni nini. Hatari inakuja wakati wenyi kiwanja hawajui kazi yao wenyewe ni nini.

Sasa nataka kuwapeleka mbali, kwa muji wa San Francisco, katika Leta ya California, inchi ya Marekani. Juu ya nini kule? Kwa sababu wale hawakuuza kiwanja usiku. Walifanya shindano mbele ya watu wote, wakaita waamuzi, wakaonyesha michoro, magazeti yakaandika bei. Kama ningechagua mufano wa wizi, mungesema: wale walikuwa wezi, sisi hatutakuwa hivyo. Kwa hiyo nachagua mufano wa watu waliojaribu kufanya vizuri, ili tuone hata pale maneno yanageuka namna gani.

Kiwanja kilichozaliwa na tetemeko

Katikati ya San Francisco kulikuwa gare ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1939. Treni zilipita juu ya daraja kubwa la bahari zikaingia pale, na wafanyakazi wa ngambo wakashuka kwenda kazini. Mwaka 1958 treni hizo zikakoma, ikabaki gare ya bisi tu. Ikachakaa, ikawa pahali pa kulala wasio na nyumba.

Tarehe 17 Oktoba 1989 inchi ikatetemeka. Barabara za juu, zilizopita juu ya nguzo za betoni pembeni ya gare, zikapasuka, na nyuma zikabomolewa. Pale zilipokuwa zimesimama pakabaki viwanja vitupu, katikati kabisa ya muji, vya Leta ya California. Ndipo wakapata shauri zuri: viwanja hivi tutaviuza, na feza yote iingie katika kazi ya kujenga gare mupya, kubwa, yenyi nafasi ya bisi juu na ya treni chini ya udongo. Mwaka 1999 wenyeji wa muji walipiga kura wakasema ndiyo, treni ifike mpaka pale. Mwaka 2001 wakaunda mamlaka moja ya kusimamia kazi hiyo, ndani yake muko muji pamoja na idara za bisi na za treni.

Angalieni vizuri, wandugu. Nyumba ndefu haikuwa shabaha. Shabaha ilikuwa gare ya watu wanaokwenda kazini asubuhi. Nyumba ndefu ilikuwa ng’ombe wa kukamuliwa ili gare ipate kujengwa. Mukumbuke hilo, kwa maana katika mambo kama haya mara nyingi watu wanaanza kumutazama ng’ombe na kusahau maziwa.

Shindano la mwaka 2007

Mwaka 2007 vikundi vitatu vilifika mwisho wa shindano. Kila kikundi kilikuwa na mujengeshaji mumoja na fundi wa kuchora mumoja. Kompani Hines ilikuja pamoja na buro ya Pelli. Kompani Forest City ilikuja na buro ya Rogers ya Uingereza. Na Rockefeller Group ilikuja na buro inayoitwa Skidmore, Owings & Merrill. Mwezi wa Agosti michoro ikaonyeshwa kwa watu. Mumoja aliweka juu ya nyumba yake mashini ya kuzungushwa na upepo ili itoe umeme. Pelli alitia juu ya gare bustani ya miti na majani, ndefu sawa na gare yenyewe, zaidi ya ektari mbili, watu waipande na kupumzika bure. Watu wakaipenda bustani ile.

Lakini kulikuwa na karatasi nyingine, ya bei ya kiwanja. Rockefeller Group ilisema: tutalipa dola milioni 118. Forest City ilisema: milioni 145. Hines ilisema: milioni 350.

Wandugu, fikirini kama mungekuwa ninyi kwenyi meza ile. Mutu mumoja anatoa zaidi ya mara mbili ya wengine, na tena analeta bustani. Waamuzi wakasema Hines. Mwezi wa Septemba mwaka 2007 wakubwa wa mamlaka wakakubali. Magazeti yakasifu. Nyumba ingepanda futi 1,200, kupita nyumba zote za upande ule wa Marekani.

Mimi siwacheki. Pengine hata mimi ningepiga kura sawa nao. Lakini sikilizeni kilichofuata.

Bei ya kinywa na feza ya mufukoni

Mwaka 2008 banki za Marekani zikaanguka. Ninyi wenyi kufanya kazi ya shaba munaukumbuka mwaka ule: bei ya shaba ilishuka kwa miezi michache, na huku kwetu Katanga viwanda vikafungwa, watu wakarudishwa nyumbani. Kule San Francisco buro zikakosa wapangaji, banki zikakataa kukopesha. Na ile milioni 350? Haikuwa imelipwa. Kumuchagua mutu si kumuuzia. Walikuwa wamemuchagua, kisha wakaanza kuzungumza naye juu ya kontra, na mazungumuzo yakakokota mwaka kwa mwaka. Muji ulipopanga kimo cha nyumba, futi 1,200 zikawa 1,070. Na bei ikashuka, ikashuka tena.

Kiwanja kikauzwa kweli kweli mwezi wa Machi mwaka 2013, kwa dola milioni 192. Toeni milioni 192 kwa milioni 350: zinabaki milioni 158 ambazo zilisemwa tu, hazikuingia katika sanduku la gare. Hiyo ndiyo tofauti ya bei ya kinywa na feza ya mufukoni.

Tusiwe watu wa kusema upande mumoja tu. Milioni 192 ilipita milioni 145 na milioni 118. Na nani anajua kama wale wengine wawili wangeshika neno lao wakati banki zilipoanguka? Huenda nao wangeshuka. Kwa hiyo sisemi kama walichagua mubaya. Nasema hivi: walichagua kwa hesabu ambayo haikuwa imefungwa na kamba yoyote. Mutu anayetaja bei kubwa kupita wote, na hakuna kinachomuumiza akiishusha, atataja kubwa kila siku. Wale wenyi kutaja bei ya kweli watarudi nyumbani mikono mitupu. Shindano la namna hiyo linafundisha watu kutaja bei kubwa, halifundishi watu kulipa.

Tena kuko jambo la pili. Wakati wa kulipa ulipofika, Hines haikuwa peke yake. Kompani nyingine, Boston Properties, ikaingia, na ikashika sehemu 95 juu ya 100. Kompani hiyo haikuwa katika vile vikundi vitatu vya mwaka 2007. Waamuzi walikuwa hawakuiona katika shindano. Si uizi, sheria iliruhusu. Na kwa kweli kompani hiyo ilikuwa na feza, ikalipa, ikajenga. Lakini tuulizane: kama mulichagua mume kwa binti wenu, na siku ya ndoa akaja mutu mwingine akisema "mimi nimenunua nafasi yake," hamutauliza hata neno moja? Katika kontra lazima liandikwe: sehemu hii haiuzwi bila ruhusa ya wenyi kiwanja, na ruhusa haitolewi bila kuwaambia watu.

Jiwe liko wapi?

Sasa nakuja kwa neno ambalo ninyi mutalisikia upesi kuliko wanasheria, kwa maana ni neno la udongo.

Pembeni kabisa ya gare ile kuko nyumba nyingine ndefu, ya etaje 58, iliyomalizika mwaka 2009. Ni ya vyumba vya kukaa, na waliovinunua ni matajiri. Nguzo za chini za nyumba hiyo zilipigwa katika muchanga mugumu, hazikufika kwenyi jiwe. Jiwe liko chini zaidi, kupita futi 200. Mwaka 2016 habari ikatoka mbele ya watu wote: nyumba imezama inchi 16, karibu sentimeta 40, na tena imeinama upande mumoja. Mutu anayeweka mupira mudogo chini ya sakafu anauona unaviringika wenyewe.

Ndipo kesi zikaanza. Wenyi nyumba wakawashitaki wajengeshaji. Wajengeshaji wakasema: kosa ni la mamlaka ya gare, waliochimba shimo refu pembeni yetu. Mamlaka ikajibu: nyumba yenu ilianza kuzama mbele hatujachimba. Mwaka 2020 wakapatana. Wakapiga nguzo 18 mupya mpaka kwenyi jiwe, ili kuishika nyumba upande uliozama, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 2023, kwa dola karibu milioni 100.

Nyumba ndefu ya gare, ile tunayoizungumuzia, waliitengeneza namna nyingine. Walitoboa nguzo 42 za betoni na chuma mpaka ndani ya jiwe, karibu futi 300 chini. Ilitaka feza nyingi na wakati mwingi. Lakini mutu aliyefanya kazi ndani ya shimo haitaji mwalimu wa kumufundisha jambo hili. Ukiweka nguzo pahali ambapo hujui udongo unafanya nini, utalipa. Kama si wewe, atalipa mwenzako aliye chini yako.

Kwa hiyo wakati mujengeshaji analeta muchoro wenyi kungaa, na vioo, na miti, na watu wadogo waliochorwa wakitembea na watoto, muulizeni kwanza: umetoboa wapi? Umefika jiwe? Ni nani alipima, na nani alimulipa yule aliyepima? Pembeni yako kuko nyumba ya nani, na ikipasuka nani atalipa? Muchoro unaonyesha kilicho juu. Deni linalala chini.

Ahadi ya kodi

Kulikuwa na ahadi nyingine. Wenyi kujenga nyumba ndefu karibu na gare walipewa ruhusa ya kupanda juu kupita kimo cha zamani. Futi hizo za juu zina faida kubwa, kwa maana etaje za juu ndizo zinapangishwa bei kali. Badala yake walikubali kulipa kodi moja maalum, kila mwaka kwa miaka mingi, ili isaidie gare na treni.

Lakini kati ya siku ya kukubali na siku ya kulipa, bei ya nyumba katika muji ikapanda sana, na kodi nayo ikapanda, kwa sababu ilifuata bei. Mwaka 2014 wajengeshaji wakalalamika wakisema: sisi tuliambiwa hesabu ndogo kuliko hii. Wakaita mawakili, wakaita watu wenyi kujua milango ya wakubwa. Baraza la muji likashindana nao miezi, na mwisho kodi ikapita.

Oneni, wandugu. Bei iliposhuka mwaka 2008, wajengeshaji walisema: nyakati zimegeuka, tupunguzieni. Bei ilipopanda mwaka 2014, walisema: mapatano ni mapatano, musituongezee. Siwalaumu, kila mufanya biashara atajaribu hivyo. Mama wa soko naye anajaribu. Lakini yule anayekaa upande wa watu lazima aandike njia zote mbili tangu mwanzo: nyakati zikiwa mbaya tutafanya hivi, nyakati zikiwa nzuri tutafanya hivi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza: daftari lenyi ukurasa mumoja tu si daftari.

Maziwa yalifika wapi?

Nyumba ndefu ikasimama. Ina etaje 61 na futi 1,070, ni kama metre 326. Mwaka 2014 kompani Salesforce, ya mashini za kuhesabu na kuweka habari, ilikubali kupanga karibu nusu yake, na jina lake likapewa nyumba yote. Mwanzo wa mwaka 2018 watu wakaanza kuingia. Kwa mujengeshaji kazi ilifanikiwa.

Na gare? Gare mupya ilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka 2018, bisi juu, na bustani ya Pelli juu yake, nzuri kama ilivyoahidiwa, na kuingia ni bure. Nilisema mimi si wa upande mumoja: bustani ile ipo, watoto wanachezamo. Lakini feza iliyoliwa ilipita dola milioni 2,000. Ile milioni 192 ya kiwanja ilikuwa sehemu ndogo tu ndani yake. Serikali kuu ya Marekani ilitoa milioni 400 ili chumba cha treni kijengwe chini ya udongo. Mwaka 2016 feza ikapungua tena, muji ukasaidia kukopa mpaka milioni 260 ili kazi isisimame.

Wiki sita tu kisha kufungua, tarehe 25 Septemba 2018, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza dari waliona ufa katika muhimili wa chuma unaobeba bustani juu ya barabara. Wakasema. Gare nzima ikafungwa siku ile ile. Waliochunguza wakakuta matundu yaliyokatwa kwa moto katika chuma hicho, karibu na pahali pa kukiungia, na ufa mudogo ulianzia pale. Karibu mwaka muzima ukapita mbele ya bisi za juu kurudi, mwezi wa Agosti mwaka 2019. Nataka mukumbuke ni nani aliyeuona ufa ule. Si muamuzi wa shindano, si bwana wa banki. Ni mufanyakazi aliyeinua kichwa akaona. Sauti ya mufanyakazi ilifunga gare ya milioni 2,000, na pengine iliponya watu.

Na treni, ile iliyopigiwa kura mwaka 1999? Chumba chake kipo chini ya udongo, kimejengwa, kina nguzo na ukuta. Lakini treni haijafika. Njia ya kuileta haijachimbwa, inangoja feza. Nyumba ndefu ilipata wapangaji mbele ya treni kupata njia. Kisha mwaka 2020 ukaleta ugonjwa wa Korona, watu wakafanya kazi nyumbani, na buro nyingi za muji ule zikabaki tupu, karibu sehemu moja juu ya tatu.

Na sisi?

Mutu ataniambia: hayo ni ya wazungu wa Marekani. Basi tutazame Kinshasa. Pale Gombe, kwenyi Boulevard du 30 Juin, inasimama nyumba ndefu ya SOZACOM. SOZACOM ilikuwa sosiete ya Leta ya kuuza madini, iliyoundwa mwaka 1974. Madini gani? Shaba iliyotoka huku, kwa mikono ya wababa wenu. Mwaka 1984 sosiete ile ikafutwa. Nyumba ikabaki. Karibu ya muto kuko nyumba nyingine ya wakati wa Mobutu, iliyoitwa nyumba ya biashara ya mataifa, CCIZ. Ilikaa miaka mingi bila kufanya kazi iliyojengewa, na mwaka 2012 ikafunguliwa kama hoteli. Mbele ya nyumba hizo mbili kusimama, mufanyakazi wa shaba hakuulizwa kitu.

San Francisco waliuliza, na bado waliteleza. Sisi tukikosa hata kuuliza, tutaanguka namna gani?

Kwa hiyo siwaambii mukatae nyumba ndefu. Muji unakua, buro zinatakiwa, kazi ya kujenga inawapa vijana mushahara. Nawaambia muombe karatasi tano, siku mutakaposikia kama kiwanja cha watu kinatafutiwa mujengeshaji.

Ya kwanza, karatasi ya bei, na pamoja nayo amana iliyowekwa banki, ambayo mujengeshaji ataipoteza akishusha neno lake. Kama hataki kuweka amana, bei yake si bei.

Ya pili, karatasi ya majina: ni nani wenyi kompani hii, na wanaweza kuuza nafasi yao kwa nani.

Ya tatu, karatasi ya udongo: ni nani alitoboa, alifika wapi, na jirani akipasuka nani analipa.

Ya ine, karatasi ya nyakati: bei ikishuka tutafanya nini, bei ikipanda tutafanya nini, kwa hesabu iliyoandikwa, si kwa maneno ya mukutano.

Ya tano ndiyo kubwa kupita zote, karatasi ya maziwa. Feza ya kiwanja itajenga nini kwa watu? Barabara? Maji? Hospitali? Gare? Na kazi hiyo ya watu iende pamoja na nyumba ndefu, hatua kwa hatua. Etaje ya kumi isipandishwe kama bomba la maji halijafika mutaa. Tukiacha kazi ya watu nyuma, itabaki nyuma, sawa vile treni ya San Francisco.

Na karatasi hizo tano zibandikwe kwenyi mulango wa komine, katika luga ambayo mama wa soko anaweza kuisoma, mwezi muzima mbele ya mutu yeyote kutia mukono. Muji unaoficha karatasi kwa wenyeji wake unajificha mwenyewe.

Wandugu, huko chini ya shimo, mutu hasifiwi kwa sababu ana kofia nzuri. Anasifiwa kwa sababu nguzo yake inashika. Mujengeshaji naye tumupime vile. Asiyekubali kupimwa, tumuambie asante, kiwanja chetu kitangoja. Kiwanja hakiozi.

Nimemaliza. Mwenyi swali ainue mukono, na mwenyi hesabu nzuri kuliko yangu asimame aiseme mbele ya wote.